Jinsi ya Kuacha "Eee" na "Yaani" Unapozungumza Mbele ya Watu

Mtu anaposimama kuzungumza jijini Nairobi, iwe ni katika mkutano wa chama cha kuchangiana pesa, ibada ya Jumapili, baraza la chifu au chumba cha mikutano ghorofani Upper Hill, kuna maneno machache ambayo hakuyapanga na bado hayakosi kinywani mwake: eee, yaani, unajua, si ndiyo, kwa hivyo, tuseme, ile kitu. Mengi kati ya maneno haya yana kazi yake halali. "Yaani" hufafanua lililotangulia, "kwa hivyo" huonyesha tokeo la jambo, na "unajua" humkumbusha msikilizaji habari ambayo huenda tayari anayo. Tatizo huanza pale neno linapotamkwa bila kufanya kazi hiyo, likawa la kujazia tu nafasi ambayo msemaji aliogopa kuiacha wazi. Likirudiwa mno, wasikilizaji huacha kuifuata hoja na kuanza kulisubiri neno lenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoshwa na tabia hiyo na yuko tayari kuifanyia kazi: mweka hazina, katibu, mwalimu, kiongozi wa wanafunzi, mshereheshaji anayeanza, au mfanyakazi aliyeagizwa kwa mara ya kwanza awasilishe ripoti mbele ya wakubwa wake.

Inafaa tuanze na chanzo, kwa sababu anayedhani kwamba ugonjwa uko kwenye ulimi atatafuta dawa ya ulimi na hataipata. Katika mazungumzo ya kawaida watu hupokezana zamu kwa kasi kubwa sana. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulilinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ikiwemo moja ya Namibia, ulionyesha kwamba kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu hupita kwa wastani takriban milisekunde 200, ambazo ni moja ya tano ya sekunde. Kwa upande mwingine, ubongo huhitaji takriban milisekunde 600 kulitafuta na kuliandaa neno moja tu, kwa mfano jina la kitu kinachoonekana kwenye picha. Kwa hiyo tumelelewa katika mazoea ambayo kimya cha nusu sekunde huhesabiwa kuwa kirefu, na anayenyamaza kwa muda huo anaweza kudhaniwa kuwa amemaliza. "Eee" ni njia ya kuwaambia wengine kwamba bado unaendelea, wasikukatize. Herbert Clark na Jean Fox Tree, waliochunguza milio ya namna hii katika Kiingereza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walifikia hitimisho kwamba milio hiyo humtayarisha msikilizaji kwa kuchelewa kunakokuja, na kwamba kuna mlio wa kuchelewa kidogo na mwingine wa kuchelewa zaidi.

Jukwaani, hata hivyo, hakuna anayekunyang'anya zamu. Maikrofoni iko mkononi mwako na watu wamekaa kukusikiliza, lakini ulimi unaendelea kujilinda kana kwamba uko kwenye meza ya chai na ndugu zako watano.

Kuna sababu ya pili ambayo naiona kuwa nzito zaidi kwetu tunaozungumza Kiswahili. Katika maongezi yetu msemaji hupokewa. Mwenzake humwambia "eeh", "naam", "ehe, ikawaje?", na hata hadithi haianzi mpaka hadhira iitikie "Hadithi njoo". Msemaji aliyezoea kupokewa namna hiyo anaposimama mbele ya ukumbi wenye watu mia moja walionyamaza, hukosa kile kiitikio na huanza kujiitikia mwenyewe. "Si ndiyo?" yake haiulizi chochote, inaomba sauti yoyote kutoka upande wa pili. Ukilielewa hili, utaona kwamba sehemu kubwa ya tiba iko katika namna unavyowatazama watu, na nitalirudia jambo hilo baadaye.

Jisikilize kabla ya kujirekebisha

Hatua ya kwanza haina njia ya mkato. Chukua simu yako, washa kinasa sauti, simama, na uzungumze kwa dakika mbili bila kusoma popote kuhusu jambo unalolijua, kama vile kazi unayoifanya au sababu za kodi ya nyumba kupanda katika mtaa wako. Kisha sikiliza na uandike kila ulichotamka, neno kwa neno, pamoja na kila "eee". Kusikiliza peke yake hakutoshi, kwa kuwa sikio limezoea kuyaruka maneno haya, lakini mkono unaoandika hauwezi kuyaruka. Wengi huchukizwa na sauti yao wenyewe wanapoisikia mara ya kwanza na kutaka kuifuta. Usiifute, itakufaa utakapotaka kupima maendeleo yako.

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa chama katika mtaa wa Umoja, ambaye maneno yake yakiandikwa yalivyo yataonekana hivi: "Kwa hivyo, eee, hamjambo wanachama. Kwa hivyo pesa zetu, yaani, zile tulichanga, eee, unajua mwezi wa nne tulikuwa na ile kitu ya matanga, si ndiyo, kwa hivyo tukatoa, eee, elfu ishirini, yaani, kwa akaunti."

Soma polepole utazame kila neno limekaa wapi. "Kwa hivyo" imetokea mara tatu, na ni ya tatu pekee inayofanya kazi, kwa sababu fedha zilitolewa kutokana na matanga. Ya kwanza imekuja kabla hata ya salamu, wakati hakuna lolote lililotangulia. "Yaani" ya kwanza iko kabla ya "zile tulichanga", mahali ambapo msemaji alikuwa akilitafuta umbo "tulizochanga" na hakulipata. "Ile kitu ya matanga" imeshika nafasi ya "gharama za matanga", maneno ambayo anayajua vizuri ila hayakumjia kwa wakati. "Eee" ya mwisho iko mbele ya tarakimu, na huenda sababu ni kwamba macho yake yalikuwa yakiipekua karatasi. Hapa kuna matatizo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake, ingawa mtu akisikiliza juujuu atasema tu kwamba mweka hazina huyu anababaika. Baada ya kupanga, angeweza kusema: "Hamjambo, wanachama. Mwezi wa nne tulikuwa na matanga. Kwa hivyo, kati ya pesa tulizochanga, tulitoa shilingi elfu ishirini kwenye akaunti."

Fanya uchambuzi kama huu kwa maneno yako mwenyewe. Piga mstari chini ya kila neno la kujazia, kisha ujiulize ulikuwa ukitafuta nini wakati ulipolitamka. Jibu likiwa ni neno, tatizo ni maandalizi. Likiwa ni hoja inayofuata, tatizo ni mpangilio. Na ukigundua kwamba hukuwa ukitafuta chochote, basi hiyo ni tabia tupu, nayo ndiyo iliyo rahisi zaidi kuiondoa.

Upatanisho, lugha mbili, na maneno ya adabu

Suala la kutafuta neno linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndilo linalowakwamisha wakazi wengi wa Nairobi. Tunaongea Sheng' barabarani, lugha ya mama tunapowapigia simu wazazi, na Kiingereza ofisini, halafu tunasimama mbele ya watu na kujitakia Kiswahili sanifu ambacho wengine wetu tulikitumia kwa bidii mara ya mwisho katika mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari. Ulimi hukwama hasa pale panapohitajika upatanisho. Msemaji ameshatamka "pendekezo", na sasa lazima achague kati ya "ambayo" na "ambalo", na katika kusitasita huko ndipo "yaani" inapoingia.

Dawa ni kuandaa nomino zako mapema. Hotuba ya dakika kumi huzunguka nomino chache tu zinazorudiwarudiwa. Ziandike, kisha uzitamke kwa sauti pamoja na viambatani vyake mpaka zikae mdomoni: mradi huu ambao, miradi hii ambayo, pendekezo hili ambalo, gharama hizi ambazo, kikao kile ambacho. Pia jizoeze kuingiza urejeshi ndani ya kitenzi, useme "pendekezo lililotolewa" badala ya "pendekezo ambalo lilitolewa", kwa kuwa umbo hilo ni fupi na halikuachii pengo la kujaza. Sentensi ikikuelemea, ikate katikati: "Pendekezo hili lilitolewa Januari. Kamati ililikubali." Hakuna msikilizaji atakayekulaumu kwa sentensi fupi.

Kuhusu kuchanganya lugha, Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge anayeanza kuchangia kwa lugha moja aendelee kwa lugha hiyo mpaka amalize. Nalipendekeza sharti hilo kama zoezi, hata kwa mtu ambaye katika hotuba yenyewe anaruhusiwa kuchanganya, kwa sababu kila unapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kuna kizingiti kidogo, na maneno ya kujazia hupenda kukaa hapo. Ukikosa neno la Kiswahili, tumia lile ambalo watu wanalitumia na usonge mbele. Bajeti, ajenda, kompyuta na intaneti ni maneno ambayo kila mtu ukumbini anayaelewa. Kinachoharibu ni ule msafara wa kuomba radhi, "sijui kwa Kiswahili wanaitaje, nini hii", ambao ni neno la kujazia lililorefushwa tu.

Yako pia maneno ya heshima yanayogeuzwa kuwa ya kujazia. Bungeni, mbunge analazimika kumwelekezea Spika maneno yake, na "Mheshimiwa Spika" humpa nafasi ya kupumua. Lakini akilitamka mara nne katika sentensi moja, hoja yake hukatikakatika. Kanisani, "Bwana asifiwe" ni sifa na ni mwito, na waumini huitikia kwa moyo. Ukiitamka kwa sababu hiyo, ngoja waitikie. Ukiitamka kwa sababu umesahau hoja ya pili, ni afadhali unyamaze kidogo uikumbuke hoja, kwa maana maneno hayo yana uzito mkubwa kuliko kazi uliyoyapa.

Fundisha mdomo kufunga

Baada ya kujua maneno yako yanajitokeza wapi, unahitaji kitu cha kuweka mahali pake, kwa kuwa tabia haiachwi kwa kuikatazakataza. Nathan Azrin na Gregory Nunn walieleza mwaka 1973 mbinu ya kugeuza tabia zinazotokea bila mtu kukusudia: kwanza mtu anafundishwa kuitambua tabia inapoanza, kisha anafundishwa tendo jingine ambalo haliwezi kufanyika sambamba na tabia hiyo. Mwaka 2016 Carolina Mancuso na Raymond Miltenberger walichapisha jaribio lililoitumia mbinu hiyo kwa wanafunzi sita wa chuo kikuu waliokuwa na mazoea ya milio ya kujazia katika hotuba, na wote sita walipunguza milio hiyo mara tu baada ya mafunzo. Idadi ya watu ni ndogo, lakini mbinu yenyewe ni rahisi na haihitaji fedha.

Tendo la badala ni kimya chenye pumzi. Unapohisi "eee" inakuja, funga midomo na uvute hewa kupitia puani, kisha uendelee. Sisitizo liko kwenye kuvuta hewa. Ukifunga midomo tu bila kuvuta pumzi utajikuta umetoa "mmm", ambayo ni ndugu yake "eee". Unapovuta pumzi, nyuzi za sauti huachana ili hewa ipite, na mlio wa kawaida hauwezi kutoka. Faida ya ziada ni kwamba sentensi inayofuata huanza na kifua kilichojaa hewa, kwa hiyo sauti haififii mwishoni.

Lifanyie zoezi hili jambo dogo kwanza. Eleza kwa dakika moja jinsi mgeni anavyoweza kutoka Kencom hadi Westlands, au jinsi ya kupika pilau, na kila neno la kujazia likikuponyoka, simama, vuta pumzi, urudie sentensi yote kuanzia mwanzo. Zoezi hili huchosha na mwanzoni utaongea polepole mno. Usijali. Mazoezi machache kila siku yana manufaa kuliko saa nzima siku moja kabla ya hotuba. Ukisikiliza rekodi zako utagundua pia jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kukuaminisha kwa maneno: kile kimya ambacho ulipokuwa umesimama ulikiona kuwa cha kutisha, masikioni ni cha kawaida, na mara nyingi kinampa msikilizaji nafasi ya kulielewa ulilolisema.

Shughulikia neno moja kwa wakati. Chagua lile linalojitokeza zaidi katika maandishi yako, ulifanyie kazi mpaka lipungue, ndipo uende kwa jingine. Uwe macho, kwa sababu neno lililofukuzwa huacha pengo, na msemaji aliyeacha "eee" huweza kujikuta ameokota "sasa" au "basi" bila kujua. Rekodi mpya itakuonyesha.

Mtu wa pili husaidia sana. Vilabu vya Toastmasters, ambavyo vilianzishwa na Ralph Smedley mjini Santa Ana, California, mwaka 1924 na ambavyo vipo pia hapa Nairobi, humpa mwanachama mmoja katika kila mkutano kazi ya kuhesabu milio na maneno ya kujazia ya kila msemaji na kuyataja mwishoni. Hata bila klabu unaweza kumwomba mwenzi wako, rafiki au mwanao mkubwa akuhesabie. Mwambie aandike kimya kimya bila kukukatiza, na akuambie baadaye mkiwa wawili. Ikiwa wewe ndiye umeombwa kumsaidia mtu aliyekuzidi umri, kama vile mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kamati, mpe karatasi pembeni kwa heshima. Kumhesabia hadharani ni kumvunjia hadhi na hakumfundishi kitu. Aidha, mwenye kigugumizi asiingizwe katika hesabu hii kamwe. Hali yake ni nyingine kabisa, na anayeifahamu ni mtaalamu wa tiba ya usemi.

Siku yenyewe

Hotuba nyingi huchafuka katika nusu dakika ya kwanza, wakati moyo unadunda na wageni wanahitaji kutambuliwa. Andika majina na vyeo vya wageni kwa mpangilio unaofaa, kwa herufi kubwa, na uwatambue mara moja tu. Sentensi yako ya kwanza baada ya itifaki ikariri neno kwa neno, na ya mwisho pia. Katikati usikariri, kwa sababu aliyekariri hotuba nzima akisahau neno moja hupotea kabisa. Beba kadi yenye maneno machache ya kila hoja, na tarakimu zote ziandike pembeni mahali ambapo jicho litazipata bila kupekua.

Unapozungumza, mtazame mtu mmoja mpaka sentensi iishe, kisha uhamie kwa mwingine upande wa pili wa ukumbi. Hapa ndipo lile suala la kupokewa linapopata jibu. Mtu akitazamwa hutikisa kichwa, hutabasamu au hukunja uso, na ishara hiyo ndogo hukupa "eeh" uliyokuwa ukiitafuta kwa "si ndiyo". Ukihitaji sauti yao, uliza swali la kweli na usubiri wajibu. Na ukishapanda jukwaani, acha kabisa kuyafikiria maneno ya kujazia. Kazi hiyo ni ya mazoezini. Jukwaani mawazo yawe kwa watu na kwa jambo ulilowaletea. "Eee" moja mbili zitakuponyoka, na hakuna atakayeziona. Kwenye mazishi, au unapompa mtu pole, kusitasita kwa msemaji huonyesha kwamba anaguswa, na kuisafisha hotuba kupita kiasi kungekuwa kukosa utu.

Mwisho wa hotuba una mtego wake: "nafikiri ni hayo tu, eee, sina mengi, kwa hayo machache..." Tamka sentensi uliyoikariri, sema "Asanteni", uketi.

Kipindi cha maswali ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hukukiandaa na kasi ya mazungumzo ya kawaida hurudi. Msikilize mwuliza swali mpaka amalize, vuta pumzi, kisha urudie kiini cha swali kwa maneno yako: "Mama ameuliza kwa nini mchango umepanda." Marudio hayo huwafaa waliokaa nyuma ambao hawakusikia, na hukupa sekunde kadhaa za kutafuta jibu. Jibu kwa sentensi mbili au tatu. Usipolijua jibu, sema kwamba utalitafuta na utalileta mkutano ujao, kwa kuwa majibu ya kubuni ndiyo yanayobeba "yaani" nyingi kuliko yote.

Mwombe mtu akurekodi siku hiyo. Ukifika nyumbani, andika dakika ya kwanza ya hotuba na dakika ya kwanza ya maswali, uzilinganishe na ile rekodi ya kwanza kabisa, na uchague neno utakaloanza kulifanyia kazi wiki inayofuata.